Fimbo Tatu za Koitalel

Zaidi ya nusu ya umri wangu imekwisha katika maghala ya chai ya Shimanzi, Mombasa, nikiwa karani wa kuhesabu mizigo. Chai ilishuka kutoka bara, zamani katika makasha ya mbao, baadaye katika magunia ya karatasi, na kila mzigo ulipigwa chapa jina la mahali ulikotoka. Nandi ni jina nililoliandika katika daftari mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Waonjaji waliionja chai hiyo wakaitema, mnada ukapigwa, meli ikapakia, nami nikafungua ukurasa mwingine. Haikunipitikia hata siku moja kuuliza huko Nandi palikuwa na nini kabla ya chai.

Jambo hilo nimekuja kulijua uzeeni, tena kwa sababu ya harusi. Binti wa dada yangu aliolewa Nakuru, mtaa wa Bondeni, nami nikapanda basi kwenda kusimamia mambo ya ukoo. Bibi harusi alipotolewa alikuwa amevaa dhahabu ya mumewe, lakini katika mkono wa kushoto, chini ya bangili zote, alivaa kikuku cha waya wa shaba kilichosokotwa, kilichofifia kwa miaka. Kikuku hicho huvaliwa na kila mwari wa kwetu. Kililetwa na babu yake marehemu baba yangu, aliyeandikwa uaskari Mombasa katika jeshi la East Africa Rifles, akapelekwa bara, akapigana na Wanandi mwaka 1900, akarudi salama, na kwa mshahara wake akajenga nyumba ya mawe ambayo tunayo hata leo. Tulipokuwa wadogo tulisimuliwa vita hivyo kama watoto wanavyosimuliwa habari za majini. Wanandi hawalali, wanatoka katika ukungu, mshale unafika kabla ya mtu kuonekana. Jina la mkubwa wao hatukutajiwa.

Harusi ilipokwisha nilibaki siku chache nikipumzisha miguu. Mpwa wangu, ndugu yake bibi harusi, ni mwalimu wa historia, na kijana huyu hawezi kumwona mtu mzima amekaa barazani bila kumtafutia somo. Siku ya kwanza alinipeleka Hyrax Hill, kilima kilicho nje kidogo ya mji, ambako mwaka 1937 Mary Leakey alifukua makao na makaburi ya watu wa kale. Nilipendezwa, lakini mifupa ya watu wasio na majina haikunikosesha usingizi. Usiku ule akaniambia kwamba kesho, kama mjomba ana nguvu, atanipeleka mahali penye vitu vichache zaidi na vizito zaidi, nami nivae koti.

Tuliondoka alfajiri baada ya sala. Ukitoka Nakuru kwenda magharibi, barabara na reli huachana na kukutana tena kama ndugu wenye ugomvi mdogo, mpaka Mau Summit, juu zaidi ya futi 8,000, ambako niliomba na koti la mpwa wangu nikalivaa juu ya langu. Kisha ni Londiani, Fort Ternan, Muhoroni, na baada ya hapo joto la mashamba ya miwa ya Chemelil. Reli hiyo ilianza kwetu Mombasa mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900, na mwezi wa Desemba 1901 ikagusa ziwa, mahali panapoitwa sasa Kisumu. Sisi wa Pwani tunaihesabu kuwa yetu, maana ilianzia mlangoni kwetu. Huko juu wanaihesabu vingine.

Wazee wa Kinandi husimulia kwamba Kimnyole arap Turukat, aliyekuwa Orkoiyot wao, alitabiri kuja kwa nyoka mwenye kutoa moto na moshi, atakayetoka katika maji ya mashariki na kwenda kunywa katika maji ya magharibi, na watu wageni weupe watamfuata na kuitawala nchi. Sisi tuliofundishwa kwamba ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu hatuna haja ya kuubeba utabiri huo. Nilimwambia mpwa wangu kwamba misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipita kwenda Mumias miaka mingi kabla ya reli, na habari za Wazungu na mashini zao huenda zilitangulia kwa midomo ya wapagazi wetu. Akanijibu kwamba yawezekana, ila misafara hiyo iliizunguka Nandi kwa mbali, kwa sababu Wanandi hawakumruhusu mgeni kupita na bunduki zake katika nchi yao, na wale wa Pwani waliojaribu walijuta. Hapo nikanyamaza.

Orkoiyot hakuwa sultani wala mfalme. Alitoka katika ukoo wa Talai, na kazi yake ilikuwa kuombea nchi, kutafuta mvua, kuwaambia vijana kama vita wanavyovitaka vitakuwa na heri au shari. Vijana walipigana kwa makundi ya maeneo yao, kila kundi na wakubwa wake na baraza lake, lakini hakuna kundi lililopenda kutoka bila baraka yake. Cheo hicho kilikuwa na hatari yake, maana mambo yakiharibika lawama ilimrudia yeye. Mwaka 1890, baada ya vijana wengi kufa katika vita vya kuteka ng'ombe na baada ya misiba mingine kuifika nchi, Wanandi wenyewe walimuua Kimnyole kwa marungu. Haukupita muda sotoka ikamaliza ng'ombe na njaa ikaingia, na watu wakaanza kusema kwamba wamejiletea laana.

Huyo aliyeuawa ndiye baba yake Koitalel.

Koitalel arap Samoei alizaliwa yapata mwaka 1860, na husemwa kwamba alikuwa mdogo kati ya wana wanne wa Kimnyole. Baada ya kifo cha baba yao nchi iligawanyika. Wengine walimtaka yeye, wengine walimtaka ndugu yake Kipchomber arap Koilegen. Ugomvi huo uliendelea kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 1895 Kipchomber akahamia kwa Wakipsigis na kuwa Orkoiyot wao. Koitalel akabaki na cheo kilichomuua baba yake, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, katika nchi iliyotoka kwenye njaa. Na mwaka huohuo wakaja Waingereza.

Mwaka 1895 nasi Pwani tunaukumbuka. Tarehe 1 Julai Waingereza walitangaza himaya yao, na wakati huo Mbaruk bin Rashid wa Gazi alikuwa vitani nao. Mwele ilibomolewa mwezi wa Agosti, askari wa Kihindi wakaletwa kwa meli, na Aprili 1896 Mbaruk akavuka kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Kila mzee wa kwetu anazo habari za Mbaruk. Lakini sikupata kuziweka pamoja na habari za huko bara, na kuona kwamba ni mwaka mmoja na adui mmoja. Mwezi wa Julai 1895 mfanyabiashara Mwingereza jina lake Peter West aliingia Nandi, akauawa pamoja na wengi wa wapagazi wake. Mwezi wa Novemba jeshi la kwanza likapelekwa kuwaadhibu Wanandi. Mwezi huohuo, katika bonde la Kedong karibu na Naivasha, Wamasai waliwaua mamia ya wapagazi wa msafara uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine, wengi wao Wakikuyu na baadhi Waswahili, baada ya watu wa msafara huo kuwaudhi watu wa manyata kwa ajili ya wanawake. Basi langu la Nakuru lilipita juu ya bonde hilo, nami nilikuwa nimesinzia.

Majeshi dhidi ya Wanandi yalitumwa mwaka 1895, tena 1897, tena 1900, tena 1903, na la mwisho na kubwa kuliko yote 1905. Mtu na ahesabu. Miaka kumi na zaidi, dola iliyokuwa ikitawala Bara Hindi haikuweza kuwatuliza watu wa milima michache wenye mikuki na ngao za ngozi. Walipigana usiku, walipigana msituni, walijua kuivizia safu ya askari inapopita njia nyembamba. Reli ilipokuja waliitumia kama mtu anavyotumia mti ulioanguka shambani mwake. Nyaya za simu zikawa mapambo ya wanawake, na misumari mikubwa na vyuma vya reli vikafuliwa kuwa silaha. Serikali iliuita wizi. Wenyewe waliona kwamba aliyeingia katika shamba la mtu bila hodi hawezi kushtaki kwamba ameibiwa.

Na hao waliotumwa kupigana nao ni nani? Maofisa walikuwa Waingereza, lakini bunduki zilibebwa na Wasudani, Waswahili, Wahindi na, katika vita vya mwisho, Wamasai. Wengi katika hao walikuwa Waislamu. Wasudani walichoka mapema. Mwaka 1897, karibu na Eldama Ravine, kaskazini ya njia tuliyopita, kundi kubwa la askari wa Kisudani liliasi. Walikuwa wametembezwa vita baada ya vita, Nandi ikiwamo, wakapewa mshahara mdogo na wa kuchelewa, na sasa wakaambiwa waende safari nyingine ndefu bila kujua mwisho wake. Waliondoka na bunduki zao mpaka Busoga, ikamwagika damu nyingi kabla ya uasi huo kwisha. Babu yake baba yangu hakuasi. Alipelekwa mwaka 1900, akafanya alichoamrishwa, akarudi.

Tulipanda kutoka Chemelil, barabara ikijipinda juu ya genge, na juu kabisa tukaikuta chai. Kijani kimefunika kila kilima kama busati, na harufu ilikuwa ileile ya ghala letu, ila hapa ilikuwa mbichi. Nandi Hills ni mji mdogo. Makumbusho ya Koitalel pamoja na kaburi lake la ukumbusho yako hapo, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Aliyezoea Ngomeni kwetu, na mizinga yake na kuta zake, asitazamie ukubwa. Wala Ngomeni yenyewe haikuwa makumbusho siku zote; Waingereza waliifanya gereza kuanzia mwaka ule ule wa 1895 hata 1958.

Kitu nilichopelekwa kukiona ni fimbo tatu. Ni fimbo za mamlaka alizokuwa nazo Koitalel siku aliyouawa. Nilizitazama kwa muda mrefu. Mtu akizikuta barazani kwa mzee yeyote hatazigeukia mara mbili. Lakini zilikaa Uingereza, katika nyumba ya mtu aliyemuua mwenyewe na katika nyumba ya jamaa yake, kwa miaka mia moja na mmoja.

Mtu huyo ni Richard Meinertzhagen, kapteni wa Keya, jeshi lililochukua nafasi ya East Africa Rifles mwaka 1902. Mwaka 1905 alikuwa na umri wa miaka 27. Serikali ilikuwa ikikusanya jeshi kubwa, askari zaidi ya elfu moja na Wamasai wasaidizi, ili kuimaliza Nandi na kuisalimisha reli, na walowezi walikuwa tayari wameikodolea macho ardhi. Meinertzhagen alishika rai kwamba nguvu yote ya Wanandi imo katika mtu mmoja, na mtu huyo akiondoshwa vita vitakwisha kabla ya kuanza. Akatuma ujumbe wa kuonana kwa amani. Ikapatanwa kwamba kila upande uje na watu watano tu, saa tano ya asubuhi, tarehe 19 Oktoba 1905, katika kilima cha Ket Parak.

Meinertzhagen alikwenda na askari wapatao themanini, na wengi wao akawaficha karibu wakiwa tayari na bunduki. Koitalel alifika. Yaliyofuata yalikuwa ya dakika chache. Wakiwa karibu kiasi cha kupeana mikono, Koitalel alipigwa risasi, na walioficha bunduki wakafyatua. Waliokufa pamoja naye wanakadiriwa kuwa zaidi ya ishirini. Wazee wa Kinandi wanasema kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na mpaka leo wanakidai.

Msomaji atauliza habari hizi zimetoka wapi. Swali zuri, nami nililiuliza palepale. Zimetoka pande mbili. Upande mmoja ni wa Wanandi, waliosimuliana kwa vinywa, baba kwa mwana, kwamba Koitalel alikwenda kwa ajili ya suluhu na akauawa kwa hila. Upande wa pili ni wa Meinertzhagen mwenyewe, aliyeandika na kuchapisha mwaka 1957 kitabu alichokiita shajara yake ya Kenya. Humo alidai kwamba alikuwa amepata habari za siri kuwa Koitalel ndiye aliyekusudia kumuua, kwa hiyo yeye alitangulia tu. Kwa miaka mingi waandishi walimnukuu yeye, kwa sababu yeye ana kitabu na wengine wana vinywa tu.

Sasa lipo jambo ambalo nisingelipenda msomaji alikose. Meinertzhagen alijipatia sifa kubwa duniani kwa elimu ya ndege. Alikusanya maiti za ndege elfu nyingi, akavitoa vitu hivyo kwa makumbusho makubwa ya Uingereza mwaka 1954, akaheshimiwa. Baada ya kufa kwake mwaka 1967, wataalamu walianza kuvichunguza, na katika miaka ya 1990 wakagundua kwamba ndege wengi walikuwa wa wizi. Aliwachukua katika makumbusho hayohayo na mengine, akabandua vibandiko vya wenyewe, akaandika mahali na tarehe za uongo, akajiwekea jina lake. Na shajara zake nazo zikachunguzwa, ikaonekana kwamba mengi yaliandikwa upya miaka mingi baadaye. Aliyeweza kusema uongo juu ya ndege mdogo aliyekufa, aaminiwe katika damu ya mtu? Wanandi hawakuhitaji wataalamu wa ndege ili kujua kilichotokea Ket Parak, lakini dunia ilihitaji.

Hata wakati ule wenzake hawakuridhika wote. Uliitishwa uchunguzi wa kijeshi mara tatu, na kila mara aliachiliwa, lakini mwaka 1906 aliondolewa nchini. Sisi wa Pwani tulikaribia kumwona tena. Mwezi wa Novemba 1914 alikuwa miongoni mwa maofisa wa jeshi lililoteremka Tanga na kupigwa vibaya na Wajerumani.

Je, rai yake ilikuwa sahihi? Vita havikuisha siku ile. Jeshi lililokusanywa lilitumika vilevile, na mpaka mapema mwaka 1906 Wanandi zaidi ya elfu moja waliuawa, ng'ombe zaidi ya 16,000 na mbuzi na kondoo zaidi ya 36,000 wakachukuliwa, vijiji na nafaka vikachomwa. Kisha watu wakahamishwa kutoka sehemu nzuri za nchi yao, hasa zile zilizo karibu na reli, wakasukumwa katika eneo walilotengewa. Ardhi iliyobaki ikapewa walowezi, na baadaye ikapandwa chai. Nilisimama nje ya makumbusho nikaitazama ile kijani tena. Miaka yote nikiandika jina la Nandi katika daftari, nilikuwa nikiandika hesabu ya mwisho ya vita ambavyo sikujua jina la aliyevipigana.

Ukoo wake haukuachwa. Mwanawe Barsirian arap Manyei alikuwa Orkoiyot baadaye, na mwaka 1923, watu walipokuwa wamechoshwa na kodi, kazi za lazima na kunyang'anywa ardhi nyingine, Waingereza waliogopa kwamba mkutano mkubwa wa ibada ya Wanandi utakuwa mwanzo wa vita vipya. Walimkamata mwezi wa Oktoba, mwezi uleule aliouawa baba yake. Barsirian alifungwa na kuhamishwa huku na huku mpaka mwaka 1964. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963 na yeye yumo kizuizini bado; bendera ilipanda, ngoma zikapigwa, na huyu mzee aliyekamatwa zama za King George wa Tano hakuwa ameachiliwa. Alifariki mwaka 1974. Na mwaka 1934 mamia ya watu wa ukoo wa Talai waliokuwa kwa Wakipsigis walihamishwa kwa sheria maalumu wakatupwa Gwassi, kando ya ziwa, penye malale na mbu.

Fimbo zilirudi mwaka 2006. Kichwa hakijarudi. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwisho wa Oktoba 2023, wazee wa Kinandi walilitoa dai lao upya. Mfalme alizungumza juu ya masikitiko yake kwa mabaya yaliyotendwa zama za ukoloni, akatembelea na Mombasa kwetu, akaingia Ngomeni, akarudi kwao.

Aliyetutembeza alikuwa mtu mpole wa makamo. Alipojua kwamba tumetoka Pwani, alieleza kwa urefu habari za nyaya za simu, jinsi zilivyokatwa usiku, zikanyooshwa, zikasokotwa, na kuvaliwa na wanawake na wasichana mikononi na shingoni. Akasema kwamba askari walipochoma vijiji mwaka 1900 na baadaye, mapambo hayo yalichukuliwa, mengine kwa watu waliokufa. Hakuwa akitushtaki, alikuwa akieleza tu kama anavyomweleza kila mgeni. Mpwa wangu alikuwa akiangalia chini. Ndipo nilipofahamu kwa nini aliniuliza lile swali usiku, na kwa nini tangu siku ya harusi alikuwa hana raha. Yeye alikijua kikuku kile kabla yangu.

Palikuwa na kitabu cha wageni. Nikaandika jina langu, na mahali nitokako nikaandika Mombasa. Katika nafasi ya maoni nilikaa na kalamu mpaka mgeni mwingine akaja nyuma yangu. Nikaandika kwamba tumefika na tumeona, nikampisha. Tuliswali adhuhuri mjini, tukanywa chai kwenye mkahawa, na njia nzima ya kurudi mpwa wangu hakunipa somo lolote.

Usiku Bondeni nilimweleza dada yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa. Alisema kwamba yeye alielezwa na shangazi zetu kuwa kikuku kilinunuliwa kwa shanga na kitambaa, na hakuna aliyesema kwamba kilivuliwa mkononi mwa mtu. Nikamwuliza wale shangazi walielezwa na nani. Akasema walielezwa na baba yao. Na baba yao je? Na baba yake, yaani mwenyewe askari. Nikamwambia basi hicho nacho tumekipokea kwa kinywa cha aliyekichukua. Akakasirika, akasema mimi nimekuja harusini nikitafuta matanga. Mpwa wangu akaingia kati kwa adabu, akasema kwamba makumbusho yale yana vitu vichache, na pengine wangekipokea.

Dada yangu alikaa kimya kitambo. Kisha akasema kwamba mwari bado yumo katika fungate, na hakuna mtu atakayemvua kitu mkononi kabla ya siku saba kwisha. Nilihesabu. Zilikuwa zimebaki tatu. Asubuhi nikakwenda kituoni Nakuru, nikabadilisha tikiti yangu ya basi.